Trela Kwenye Kona Yetu

Jumapili, 16 Machi 2025

Mvua imeanza. Imepiga mabati tangu jana alasiri, na leo njia ya kupanda kwetu imekuwa uji mwekundu.

Andrew Anyona, kaka mkubwa wa mume wangu, amepiga simu kutoka Naivasha. Anarudi nyumbani. Haji kututembelea, anakuja kukaa. Job alimuuliza atalala wapi, maana hajawahi kujenga hapa, na mwanamume mzima hawezi kulala kwa mamake wala kwa mdogo wake. Andrew akacheka hadi nikamsikia nikiwa jikoni. Akasema anakuja na nyumba yake. Ina magurudumu. Ataipandisha mpaka juu, kwenye kiwanja alichoonyeshwa na marehemu baba yao.

Kiwanja hicho sasa ni shamba letu la majani chai. Job aliyapanda mwaka ule ule ambao Andrew hakuja hata kumzika baba yake.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu katika boma hili tunagombana kwa Ekegusii. Nataka mahali pa kufikiria ambapo sauti ya mtu haijaingia.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Kidato cha Tatu wameandika insha za kusikitisha. Job anachonga mpini wa jembe ambao hauna ubaya wowote.

Ijumaa, 28 Machi

Wamefika.

Nilipotoka shule nilikuta watu wamejaa barabarani chini, watoto mbele, pikipiki zimeegeshwa kama kwenye mkutano wa siasa. Katikati yao ilisimama trela nyeupe, ndefu kuliko nyumba ya Mama, yenye mlango, madirisha ya plastiki na picha ya twiga iliyochubuka ubavuni. Andrew alikuwa fundi wa magari ya kampuni ya utalii. Kampuni ilipofungwa, yeye akaichukua trela hiyo. Imefungwa nyuma ya Land Cruiser ya zamani inayotoa moshi kama tanuri la matofali.

Mkewe, Esnah, akashuka akiwa amekumbatia birika la umeme kama mtoto mchanga. Tulisalimiana kwa vidole.

Njia yetu inaacha barabara ya changarawe na kupanda ukingo wa kilima cha Manga bila kupumzika. Katikati kuna kona moja kali ambayo karibu ijirudie. Upande wa nje wa kona ni ua wa Ogoti, jirani yetu na mwenyekiti wa ukoo. Upande wa ndani, ng'ambo ya mtaro, ni kitalu changu cha miche ya parachichi. Kazi yangu mwenyewe, si ya Job wala ya shule.

"Haiwezi kupanda," Job alimwambia kaka yake, hata kabla ya kumpa mkono. "Igeuze urudi nayo."

"Nimevuta hii kitu kutoka Naivasha, nikapanda nayo Mau. Kona ya kwa baba ndiyo itanishinda?"

"Mau ni lami."

"Wewe Job, sema tu hunitaki."

Job alikunja mikono.

Ogoti alikuwa amesimama nyuma ya ua wake na mwavuli, anafurahi waziwazi. "Tawi moja la ua wangu likivunjika," alisema, "tutaonana kwa chifu. Ndugu au si ndugu."

Andrew akaingia garini. Alipanda sehemu ya kwanza vizuri, injini ikilia, Esnah akitembea kando na kupiga kelele za "kulia! kulia!" ambazo hakuna aliyezisikia. Kwenye kona gari lilipita. Lakini trela haifuati njia ya gari, inakata ndani. Niliona gurudumu la nyuma likikaribia mtaro wangu, nikapiga yowe, na Andrew badala ya kusimama akakanyaga zaidi. Gurudumu likaingia mtaroni. Trela ikainama kama mlevi anayetafuta ukuta. Magurudumu ya gari yakaanza kuzunguka bure, matope yakaruka hadi kwa watoto, na harufu ya klachi ikatufikia sote. Kisha kitu chote kikaanza kurudi nyuma, polepole.

"Job! Jiwe! Weka jiwe!" Andrew alilia kutoka dirishani.

Job alikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Hakuikunjua mikono yake.

Jiwe niliweka mimi. Si kwa upendo, kitalu changu kilikuwa chini ya hilo lidude. Andrew akashuka na kuongeza la pili, kubwa, akaligongomea kwa nyundo. Kisha akalifungua gari kutoka kwenye trela na kulipandisha hadi bomani. Trela imebaki pale pale, imeziba kona yote. Hakuna gari la kupanda wala la kushuka.

"Kesho tutaitoa," Andrew alisema.

"Kesho ni Sabato," Job akajibu. Nilijua kuwa amefurahi.

Jumamosi, 29 Machi

Andrew na Esnah wamelala ndani ya trela ikiwa imeinama. Kanisani, Job kama mzee wa kanisa aliongoza somo. Lilihusu upendo wa ndugu. Nilitazama viatu vyangu mpaka mwisho.

Jumatatu, 31 Machi

Gari la kukusanya majani chai haliwezi kufika kwetu. Tumebeba magunia kichwani, tukipita kwa ubavu kati ya trela na ua wa Ogoti, ambaye alitusimamia kuhakikisha hakuna jani la ua wake linaloguswa. Nimeteleza mara mbili. Mara ya pili Esnah alikuwa dirishani anakunywa chai.

Namchukia yule mwanamke. Nimeliandika ili nisilibebe shuleni.

Alhamisi, 3 Aprili

Esnah alikuja na madumu, akafungua bomba la tangi letu bila hodi.

"Nyumba za watu hubishwa hodi," nikamwambia.

"Mwalimu, maji ni ya mvua. Mvua nayo umeinunua?"

"Tangi nimenunua."

Alijaza dumu moja, akafunga bomba, akayaacha mengine yakiwa matupu mlangoni pangu kama watu waliofukuzwa. Amezaliwa Mosocho lakini amekulia Naivasha, na Ekegusii chake kina mashimo. Akikasirika anaongea Kiswahili.

Jumanne, 8 Aprili

Shule zimefungwa, kwa hiyo sasa naona kila kitu.

Mama Bathsheba, mama mkwe wangu, ambaye goti lake halimruhusu kufika hata kanisani, ameshuka hadi kwenye kona na fimbo yake. Ameingia ndani ya trela. Amekaa huko asubuhi nzima. Aliporudi alikuwa amepakwa mafuta miguuni na amesukwa nywele.

"Kuna kitanda kinachokunjwa kuwa meza," aliniambia. "Na choo kidogo kama cha mwanasesere."

Job alisikia. Aliiacha sahani yake ya obokima, ugali wetu, ikiwa nusu.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua ya mawe alasiri. Majani ya juu yametobolewa kama chujio. Miche yangu ilikuwa imefunikwa kwa magunia na sikujua ni nani aliyeyafunika, maana mimi nilikuwa sokoni Ikonge. Mama anasema ni Esnah, alitoka na ndoo kichwani. Sikwenda kumshukuru. Nilimpelekea madumu yake, yamejaa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ndugu hawasalimiani tena. Andrew amekuwa akienda Ikonge kwa pikipiki kutafuta trekta, na kila mwenye trekta anamwambia asubiri udongo ukauke. Udongo haukauki. Mama anashinda ndani ya trela kila asubuhi. Leo alisema wazi, mbele ya Job, kwamba trela ikifika juu atahamia humo na kuwaachia kuku nyumba yake.

"Juu wapi?" Job aliuliza.

"Juu, kwenye sehemu ya Andrew."

"Mimi ndiye niliyemwosha baba. Mimi ndiye niliyelala hospitalini naye. Kila kichaka cha chai kule juu nimekipanda nikiwa nimepiga magoti."

"Na hakuna anayekataa, mwanangu. Lakini sehemu ni ya Andrew."

Job aliniangalia nimsaidie. Nilimsaidia. Nilimwambia Mama kwamba mtu hawezi kuacha shamba miaka yote kisha arudi na kibanda cha watalii aseme ni nyumba. Wakati ule niliamini kila neno. Job alinishika mkono tulipotoka. "Hiyo kitu," alisema, "itaondoka kabla mvua haijaisha."

Jumanne, 22 Aprili

Nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Asubuhi, baada ya kifungua kinywa, Andrew alikuwa amekwenda Ikonge. Job alimwambia Mama asishuke leo, njia inateleza, akamketisha kwenye kiti nje ya jikoni na kumwekea mahindi ya kupukuchua. Nikaona ni mtoto mwema. Kisha akachukua mtaimbo akasema anakwenda kuzibua mtaro.

Mimi nilishuka baadaye na ndoo ya mbolea ya kitalu. Mvua ilikuwa nyembamba. Nilikuwa kwenye migomba juu ya kona nilipomwona. Alitembea kando ya trela, akasimama kwenye dirisha, akakaa hapo kidogo. Kisha akainama nyuma ya gurudumu. Nilidhani anaongeza jiwe. Nilisema moyoni, afadhali, hatimaye amekumbuka kuwa ni ndugu yake.

Alitia mtaimbo chini ya jiwe kubwa akalisukuma. Lilitoka kwa urahisi, udongo ulikuwa umelowa. Akalisukuma na lile dogo, jiwe langu. Akaruka kando.

Trela ilitulia kwa muda, kama inayofikiri. Kisha ikarudi nyuma. Ilikwenda taratibu, halafu si taratibu tena, ikakata ndani, ikavuka mtaro na kulala kwa ubavu wake kwenye ukingo wa kitalu. Vyombo vilimwagika ndani. Na juu ya vyombo nikasikia sauti ya mtu.

Nilitupa ndoo. Job alifika mlangoni wakati mmoja na mimi, na alipiga kelele, "Mvua! Mvua imeisukuma!" Mbele yake nilikuwa mimi tu. Alikuwa anazungumza na mtu asiyekuwepo.

Esnah alikuwa chini ya ile meza inayokunjwa kuwa kitanda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko, mfupa ulionekana ukisukuma ngozi kwa ndani. Hakulia. Alimtazama Job, kisha akanitazama mimi, kisha akafumba macho.

Gari la Andrew lilikuwa juu bomani na pua ya trela ilikuwa bado imeziba njia. Tulimfunga mkono kwa leso yangu na vipande vya ubao, nikampandisha pikipiki katikati yangu na dereva, hadi kituo cha afya, na kutoka huko hospitali mjini Kisii. Njia nzima kichwa chake kilikuwa begani kwangu. Kila shimo nililihisi kupitia meno yake.

Jumatano, 23 Aprili

Amewekewa chuma mkononi. Job aliomba wakati wa chakula, akamtaja Esnah kwa jina, akamshukuru Mungu kwa kumponya. Nilikaa na macho wazi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilidhani atasema. Siku tatu nimempa nafasi. Nimemuuliza, "Job, mtaro uliuzibua?" Akasema aliuzibua.

Leo Andrew amerudi kutoka hospitali. Aliketi kwenye jiwe lile kubwa, lile lile, na akalia mbele ya watu. "Sikuligongomea vizuri," alikuwa akisema. "Ni mimi. Nimemvunja mke wangu na haraka yangu."

Na Job akamwekea mkono begani akamwambia, "Nilikuonya, kaka. Mvua haina rafiki. Sasa tuikatekate tu, tuuze vyuma, tusahau."

Nimeolewa na mtu huyu. Nimelala naye, nimemzalia binti yetu Nyanchoka, aliye chuoni. Nilitazama mkono wake begani kwa Andrew, na sikuutambua.

Jumapili, 27 Aprili

Ukoo umekutana nyumbani kwa Mama. Andrew ndiye aliyewaita, ili waamue trela ikatwe au isikatwe. Esnah alikuwepo, mkono umefungwa shingoni. Ogoti alikaa kwenye kiti cha mbele na kuanza kwa kulalamikia ua wake, ingawa haukuguswa.

Job aliongea vizuri. Huwa anaongea vizuri. Alisema hana kinyongo, alisema mvua imeamua, alisema wazee wamsaidie Andrew kukubali.

Nikasimama. Wanawake walioolewa hapa hawasimami kwenye kikao mpaka waulizwe, na Ogoti akainua mkono kunizuia.

"Si mvua," nikasema. "Job alilitoa jiwe kwa mtaimbo. Nilikuwa kwenye migomba. Nilimwona."

Kelele zilizotokea siwezi kuziandika. Andrew alimrukia Job na wakaanguka juu ya meza ya Mama. Waliachanishwa. Ogoti akamuuliza Job mara ya kwanza, akakataa. Akamuuliza mara ya pili, na Job akanitazama muda mrefu, akaona sitatoa macho yangu kwake.

"Nililitoa," alisema. "Nilitaka irudi barabarani, iondoke. Sikujua kuna mtu ndani. Naapa. Nilidhani haina mtu."

Esnah alikuwa akiitazama sakafu.

Wazee wakaamua: trela ipandishwe, Job atoe nafasi kule juu kwa ajili ya kaka yake, na ajiuzulu uzee wa kanisa mwenyewe kabla hajaondolewa. Walipokwisha, nilidhani angalau Mama atanishika mkono. Alinipita. Mlangoni aligeuka.

"Nyanchera," aliniita kwa jina langu la nyumbani, "ungeniambia mimi jikoni," alisema. "Mimi ndiye ningemchapa. Sasa umemvua nguo mbele ya Ogoti."

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Job anakula kwa Mama. Nyumbani tunapishana kama wapangaji. Muhula umeanza na walimu wenzangu wananyamaza nikiingia.

Jumanne, 6 Mei

Mtu amemwaga takataka kwenye mlango wangu wa nyuma. Maganda ya ndizi, manyoya ya kuku. Nimefagia.

Jumapili, 11 Mei

Siku nne bila mvua na Omwenga amekuja na trekta yake kutoka Ikonge. Ni mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Alitembea kutoka chini hadi juu kwa miguu, akarudi kwenye kona, akasimama na mikono kiunoni.

"Kona hii haitoshi," alisema. "Lazima nipanue. Upande wa ua au upande wa miche?"

"Ua wangu hauguswi," Ogoti alisema kabla ya mtu kumaliza kupumua.

Wote wakanitazama. Andrew hakuthubutu kuomba. Job alikuwa amesimama mbali, karibu na mikaratusi, kama mpita njia.

"Upande wa miche," nikasema.

Tulihamisha miche tuliyoweza, mimi na Esnah, yeye kwa mkono mmoja. Mingi ilibaki, mizizi ilikuwa imeshapenya chini ya karatasi zake. Omwenga akausawazisha ukingo, akajaza mtaro kwa mawe, na kisha trekta ikapita juu ya kitalu ili ifike mbele ya trela. Nilisimama nikatazama. Nilitaka kuona kila mche ukienda, nisije nikajidanganya baadaye kwamba ilikuwa michache.

Trela waliiinua kwa jeki na magogo mpaka ikasimama kwa magurudumu yake. Ubavu wa twiga ulikuwa umebonyea. Omwenga akaifunga kwa mnyororo.

"Nitavuta kidogo, nisimame, nivute kidogo," alieleza. "Kila nikisimama, mtu aweke gogo nyuma ya gurudumu. Asichelewe. Nikiteleza na gogo halipo, itakuja na trekta na mimi. Nani ataweka?"

Andrew alitakiwa aende mbele kuongoza kile chuma cha mbele kinachofungia trela. Vijana wa kijiji walirudi nyuma.

Mama alikuwa ameletwa kwa kiti. "Job," alisema. "Mdogo aweke gogo. Imalizike leo."

Job alitembea hadi nyuma ya trela. Akaliinua gogo. Omwenga, ambaye alikuwa amesikia habari kama kila mtu wa Ikonge, alizima injini.

"Huyo akiwa nyuma yangu, mimi sivuti," alisema.

Sijawahi kuona uso kama uso wa mume wangu wakati ule. Aliliweka gogo chini polepole, kana kwamba lina yai ndani. Nililiokota mimi. Andrew akaniambia, "Shemeji, acha, ni hatari," nami nikamwambia atazame mbele.

Trekta ikanguruma. Mnyororo ukakazika. Trela ikapanda, ikasimama, nikasukuma gogo chini ya gurudumu na kuliegemeza kwa kisigino. Ikapanda tena. Tope lilinifika magotini. Kwenye kona yenyewe magurudumu ya trekta yaliteleza, na trela yote ikanijia. Niliona bamba la nambari likiwa karibu na uso wangu, nikasikia Esnah akiita "Damaris!", si "mwalimu", jina langu, na gogo likauma udongo na kushika. Nilikuwa nimelala juu yake. Omwenga alivuta pumzi mbili, kisha akavuta trela.

Tulipita. Kona ikabaki nyuma yetu, na njia ya juu ilikuwa kavu zaidi. Kule shambani Andrew alikuwa amekwisha ng'oa safu za chai. Trela ikaingia mahali pake kama iliyokuwa ikijua.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Andrew alimshukuru Omwenga, akamshukuru Ogoti, akafunga mlango.

Jumatano, 14 Mei

Andrew amerudi Naivasha, amepata kazi gereji nyingine. Kwa hiyo yale yote yalikuwa ya kuweka alama juu ya ardhi. Amemwacha Esnah kuilinda, mkono ukiwa na chuma.

Alhamisi, 22 Mei

Manyunyu tu. Esnah anasuka nywele kwa mkono mmoja na meno. Tunakunywa chai pamoja jioni ninapotoka shule, hatuongei sana.

Jumapili, 25 Mei

Leo nilimwambia Esnah kwamba nadhani Job anateseka. Nikasema kosa lake lilikuwa kubwa, lakini hakujua kuna mtu ndani, na labda ni wakati wa mimi kumsamehe.

Esnah aliweka kikombe chini.

"Damaris," alisema, "mimi sikutaka kukuambia hii maneno. Alikuja dirishani. Nilikuwa nakaanga mayai. Aliangalia kitanda, akaangalia kiti ya Mama, kama anatafuta mtu. Halafu akaniangalia mimi. Nilimwambia 'karibu chai'. Hakujibu. Akainama chini."

"Alikuona?"

"Tulionana macho kwa macho, kama mimi na wewe hapa."

Nilikumbuka alivyosimama dirishani. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu mwenyewe na sikujiuliza. Alichungulia kuhakikisha kwamba Mama hayumo. Kwamba mwingine yumo, aliliona, na hilo halikumzuia.

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

"Nani angeniamini? Mke wa Andrew, mwenye trela? Wangesema nimetunga ili tupate shamba. Wewe ulipoongea nilifikiri, basi, hiyo inatosha. Lakini ukianza kumwonea huruma mbele yangu, haiwezi kutosha."

Jumatatu, 26 Mei

Nilimuuliza Job asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu vya mpira. Nilimuuliza tu, "Alikukaribisha chai?"

Mikono yake ilisimama kwenye kamba.

"Nilitaka wastuke," alisema. "Nilijua itateleza kidogo tu."

"Lakini ulimwona."

Alimaliza kufunga kamba. Nilichukua godoro la chumba cha Nyanchoka, sare zangu za kazi na madaftari ya Kidato cha Tatu, nikapanda navyo juu. Esnah alifungua mlango bila kuuliza. Kitanda kinachokunjwa kuwa meza ni kigumu, na choo kweli ni cha mwanasesere.

Ijumaa, 30 Mei

Jua. Kutoka dirishani huku naona bati la nyumba yangu na moshi wa jikoni kwa Mama. Naona pia watu wakisimama njiani na kunionyesha kwa kidole.

Jumapili, 1 Juni

Job alipanda asubuhi hii. Alisimama kwenye chai iliyong'olewa, hakukaribia ngazi. Amekonda. Tangu aache uzee wa kanisa hajanyoa ndevu.

"Utarudi lini?" aliuliza.

Esnah alitaka kutoka nje atuachie nafasi. Nikamwambia akae.

"Siku utakapomwambia Mama kile ulichokiona dirishani," nikasema. "Kwa kinywa chako. Si kwa Ogoti, si kanisani. Kwa Mama. Na sisi wawili tukiwepo."

"Itamuua."

"Itamuuma. Mkono wa Esnah pia ulimuuma, na alinyamaza."

"Na nikisema, utarudi?"

"Sijui. Lakini usiposema, najua."

Alimtazama Esnah kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi. Kisha akageuka na kuanza kushuka. Nilidhani anaenda nyumbani, nikashika kikombe changu. Lakini kwenye njia panda hakukata kuelekea kwetu. Alikata kushoto, kwa Mama, akafika mlangoni na kusimama hapo, na akatazama juu. Alikuwa anatusubiri.

Esnah amezima jiko. Ananiambia nimsaidie kufunga kiatu, mkono haujakunjika vizuri bado. Nimemfunga. Tunashuka.